Mama Aache na Wimbo

Mbuzi wa mama yangu alikula kofia ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Naanza na hilo kwa sababu ninyi wajukuu zangu kila Idi mnaniuliza kwa nini babu hakusoma, nami huwa najibu kwa kukohoa. Leo sikohoi. Mbuzi ndiye aliyenikatisha masomo.

Ilikuwa Jego, kule chini karibu na Vanga, nami bado nina meno ya utotoni. Mwalimu wetu alikuwa na kofia ya mkono ambayo mkewe aliishona kwa sindano tangu mfungo mosi hadi karibu na Ramadhani, vitobo vyake vimepangwa kama nyota. Siku moja aliitundika kwenye kijiti cha ua, akaenda kutawadha. Mimi niliambiwa nimshike mbuzi mpaka mama arudi kisimani. Nikawa naangalia wenzangu wakicheza. Nilipogeuka, nusu ya kofia imo kinywani, nusu iko nje, na mbuzi ananitazama kama anayeniuliza nina shida gani. Nikavuta. Naye akavuta. Mwalimu akatoka miguu imelowa, akatukuta katika hali hiyo.

Hakunipiga. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Angenipiga, ningelia, tukamalizana. Yeye aliichukua ile nusu iliyobaki, akaikung'uta, akaivaa, akasomesha siku ile nzima na nusu kofia kichwani. Wenzangu walikuwa wakiuma nguo zao wasicheke. Mimi sikuweza kumtazama. Kesho yake nikasema tumbo linaniuma, na kesho kutwa, na siku zilizofuata, mpaka mama akachoka na tumbo langu, akanipeleka kwa mjomba upande wa Msambweni. Sisi Wadigo mtoto akiwashinda watu, hupelekwa kwa mjomba. Mjomba ndiye mwenye mtoto, baba ni mgeni wa heshima. Siku hizi mmeyageuza, haya, mtajua wenyewe.

Herufi hizi mnazozisoma nilizipata ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaro, tayari nimeshaoa. Ndiyo maana zinalalia upande mmoja kama miwa iliyopigwa na upepo.

Na miwa ndiyo habari yenyewe. Mjomba wangu alikuwa kibarua katika shamba la miwa, nami nilipopata nguvu za mkono nikapewa panga. Mnaopita pale leo na tuktuk zenu mkienda Diani kutafuta kazi za hoteli, hamwezi kufahamu. Ilikuwa miwa, na miwa, na ukichoka kutazama miwa, miwa mingine. Katikati imepita reli nyembamba ya matoroli, na kandoni kuna kambi zetu. Tulikuwa watu wa kila namna: Wadigo na Waduruma, Wakamba, Wajaluo, Wamakonde waliotoka mbali kusini wakiwa na chale usoni, na Wakikuyu wachache, mafundi wa mitambo.

Nilikata miwa misimu michache tu. Toroli lililojaa likateleza likanikanyaga mguu wa kushoto. Mguu ulipona, lakini uliponea upande. Nyapara akasema mtu wa mguu huu hawezi kukata, apewe kazi nyepesi, akachote maji na kuni pale nyumba ya watoto.

Nyumba ya watoto ilikuwa banda la makuti lenye kuta za udongo hadi kiunoni. Akina mama wanaopalilia waliwaacha watoto pale asubuhi, wakawachukua jioni. Mkuu wake alikuwa Bi Mwanasha, mama wa Kidigo mnene mwenye sauti ya chini, tambuu haikutoka kinywani. Mimi nilikuwa kijana wa kuoa, nina ndevu, naingia pale na ndoo zangu. Wakata miwa wenzangu walipokuwa wakipita husimama kwenye reli na kuniamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, Bi Hamisi. Wanao hawajambo?" Mimi nami naitikia marahaba, maana ukikasirika wanaongeza.

Siku Bi Mwanasha aliposhikwa na homa ndipo nilipoanza kazi ya kweli. Watoto walilia wote kwa pamoja. Ninyi hamjasikia jambo hilo, mtoto wenu mmoja akilia mnamwekea simu usoni. Mimi nikaweka ndoo chini, nikambeba wa kwanza, nikamwimbia kitu alichokuwa akiimba mama yangu kule Jego, habari ya kaa anayehama shimo na kusahau mlango. Akanyamaza. Wa pili nikamwimbia hicho hicho, akazidi kupiga kelele. Bi Mwanasha alikuwa amejilaza kwenye mkeka, anatetemeka, akaniambia kwa sauti ya homa: "Huyo Mkamba, Hamisi. Mwimbie cha kwao."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yake. Mama akiacha mtoto, aache na wimbo. Mama mgeni akija na mtoto mgongoni, Bi Mwanasha hamuulizi mtoto anakula nini wala amezaliwa lini. Humwambia, "Haya, mlaze nikuone." Mama anaona haya, anacheka, anatazama huku na huku, lakini hapokelewi mpaka aimbe. Bi Mwanasha anasimama karibu, anatafuna tambuu yake polepole, anasikiliza na kutazama. Si sauti tu. Hutazama mkono unapiga wapi, mgongoni au matakoni. Hutazama magoti. Mama wa Kijaluo huyumba kwa magoti, mtoto wake ukimshika bila kuyumba anakuona wewe ni ukuta. Mtoto wa Kimakonde hulala mgongoni huku mbebaji akienda hatua za ngoma, ukisimama tu amefumbua macho. Waduruma wana wimbo mrefu usio na mwisho, unawataja ng'ombe mmoja mmoja, na mtoto hulala kabla zizi halijajaa. Basi Bi Mwanasha alikuwa na nyimbo za watu wote kambini, na maana zake hajui hata moja nje ya zake. Hakujali. Alisema mtoto naye hajui maana.

Nami nikajifunza kwake. Nilijifunza kufunga leso fundo likae ubavuni lisimchome mtoto. Nilijifunza kutomtazama machoni anapokaribia kulala, maana akiona macho anaona kuna mazungumzo. Nilijifunza kumlaza kwenye susu, yale magunia tuliyoyafunga kwenye boriti, kwa kuanzia matako, kisha mgongo, kichwa mwisho kabisa. Ukianza na kichwa anaona anaanguka.

Makosa nayo nilikuwa nayo. Wakati mmoja alikuja mama wa Kijaluo aliyepoteza sauti kwa mafua, hawezi kuimba. Nikaenda kwa shemeji yake, mkata miwa, anifundishe wimbo wa kwao wa kumlaza mtoto. Akanifundisha kwa subira kubwa, jioni nzima, akinisahihisha. Nikamwimbia mtoto siku kadhaa, naye analala vizuri tu. Siku mama alipopata sauti na kunisikia, alikaa chini kwenye mchanga akacheka mpaka machozi. Ulikuwa wimbo wa pombe, habari ya bwana mmoja aliyeuza jembe akalinywea pombe, akarudi nyumbani kwa mkewe bila jembe. Ndiyo maana Wajaluo walipokuwa wakipita relini walikuwa wakitikisa mabega. Lakini mtoto aliupenda, tukauacha.

Sasa nifike kwa Wambui.

Serikali ilipotangaza Hali ya Hatari, mambo yalikuwa mbali, huko bara, milimani. Sisi tulisikia kwa redio ya mwenye duka. Kisha yakatufikia. Asubuhi moja lori la polisi liliingia kambini, mafundi wa Kikuyu wakatolewa mmoja mmoja wakapandishwa, wengine na spana bado mkononi. Hatukuambiwa wanakwenda wapi. Mumewe Wambui alikuwa mmoja wao. Wambui mwenyewe aliachwa kwa kuwa mimba ilikuwa imefika mwisho na nesi wa shamba alikataa apandishwe lori. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Karanja. Bwana mkubwa wa shamba akamruhusu abaki apalilie, lakini kwa masharti: asikusanyike na mtu, asiondoke kambini, na asiimbe kwa Kikikuyu, hata akiwa peke yake. Nyimbo zao serikali ilikuwa ikiziogopa, ilisema humo ndimo wanamopitisha habari za kiapo cha watu wa msituni. Akikosea moja ya hayo, ni lori, yeye na mtoto, na katika makambi ya kizuizini tulisikia watoto wachanga hawakai sana.

Siku alipoleta mtoto kwetu kwa mara ya kwanza, akina mama waliokuwa mlangoni walisogea upande. Hawakumtukana. Walisogea tu. Hata mimi sikujua niweke wapi macho yangu, maana tulikuwa tumejazwa hofu, tumeambiwa hawa watu wakikuangalia sana umeshaapishwa. Bi Mwanasha akatema tambuu yake nje, akasema kama alivyowaambia wote, "Haya, mlaze nikuone."

Wambui akasema, "Mama, nimekatazwa."

"Basi mtoto sitampokea."

"Nikiimba nitachukuliwa."

"Na usipoimba atalia mchana kutwa, na wewe utamsikia kutoka huko kwenye jembe. Chagua."

Mimi niliona ni ukatili. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa Bi Mwanasha hakujua njia nyingine ya kumpokea mtu. Kumpokea bila wimbo kungekuwa kumfanya mtoto wa namna ya pili. Akamshika Wambui mkono, akamwingiza ndani kabisa, nyuma ya rundo la kuni, akaniambia nisimame mlangoni nigonge ndoo. Nikagonga ndoo kama mtu anayeitengeneza. Nyuma yangu nikasikia wimbo kwa mara ya kwanza.

Siwezi kuwaandikia sauti. Ulikuwa mfupi, unapanda kidogo kama mtu anayepanda kilima na mzigo, kisha unateremka taratibu na kukaa. Baadaye sana Wambui aliniambia maneno yake: mama amekwenda shambani, atarudi na kiazi kitamu, atakichoma kwenye majivu, na ile ncha yake tamu iliyoungua kidogo ni ya mdogo. Basi. Serikali nzima ilikuwa ikiogopa ncha ya kiazi.

Tukaushika, mimi na Bi Mwanasha. Na sasa sikilizeni ajabu yake. Ule wimbo ulikuwa dawa. Karanja alilala, hilo tulilitarajia. Lakini mtoto wa susu la pili akalala naye. Na wa tatu. Yule binti wa binamu yangu Mwanamisi, aliyekuwa mchana hafumbi jicho, anatutazama tu kama karani, naye akalala. Bi Mwanasha aliangalia magunia yote yametulia, akaniangalia, akasema tungekuwa wajinga kupiga kelele za makabila yote wakati huu mmoja unatosha. Tokea siku ile ikifika saa ya kulala tunaanza na wa Wambui, taratibu, mdomo umefungwa nusu. Kazi ikawa nyepesi mpaka nikapata wakati wa kupasua kuni nyingi kuliko zinazohitajika.

Hatukufikiria kuwa mtoto hurudi nyumbani.

Mwanamisi ndiye aliyekuja wa kwanza, asubuhi, amefura. Mtu wa maneno huyo, Mungu amrehemu. Akanisimamia na mtoto ubavuni.

"Hamisi, umempa nini mwanangu?"

Nikamwambia uji, kama kawaida.

"Jana nimemwimbia wimbo wa mama yangu, na mama yake mama yangu, koo limekauka. Ananitazama tu. Kisha baba yake akapiga mluzi kitu alichokisikia akipita hapa, mtoto huyo, kalala. Nauliza, ni wimbo gani?"

Nikaokota ndoo zangu. Akanijibia mwenyewe.

"Wa yule."

Jioni ile wakaja wengine. Mama Mutua, Mkamba, alikuja akiwa na lake: mwanawe naye amekataa wa kwao. Minong'ono ikaanza kwenye mfereji wa maji, kwamba watoto wetu wameapishwa kwa sikio, kwamba wakikua watatukimbia waende msituni. Kulikuwa na mama mmoja aliyemwosha mwanawe masikio kwa maji ya kuzinguliwa, yaliyosomewa dua ya kuondoa uchawi. Wambui alisikia yote. Aliinamia jembe lake, na alipokuja kumchukua Karanja akatuomba tuuache ule wimbo, mtoto alie tu, atazoea.

Bi Mwanasha hakuuacha. Aliwaita Mwanamisi na wenzake, akawakalisha mkekani, akawaambia, "Sijui maana yake na sitauliza. Watoto wenu wanautaka. Mnaweza kuwanyima mkeshe, au mnaweza kuja hapa mkajifunza kwa mwenyewe." Mwanamisi akasema yeye hafundishwi na mtu wa milimani. Alikesha kwanza. Halafu akaja, macho mekundu, amejitanda leso mpaka kidevuni kama mwizi wa kuku, akakaa karibu na Wambui nyuma ya kuni. Mimi nikagonga ndoo yangu.

Kuanzia hapo mambo yakawa yanakwenda yenyewe. Mtu akikufundisha wimbo wa kumlaza mtoto huwezi tena kusogea upande akipita. Sharti umrekebishie mtoto leso, na ukishamrekebishia leso utamuuliza mtoto amelalaje, na akishajibu mmeshakuwa majirani. Mama Mutua akamfundisha Wambui wimbo wa Kikamba, wakagundua hatua zake zinafanana, wakabishana nani alimwibia nani. Mwanamisi akampa wa Kidigo, akimcheka anavyotamka. Jioni ungewaona kwenye mfereji wamesimama na ndoo, wanapimana nyimbo kama watu wanaopimana vitambaa. Wambui alikuwa ameanza kunenepa kidogo usoni.

Na huko mferejini ndiko yalikoharibika. Nyapara wetu, mtu wa hapahapa pwani, jina lake nalificha kwa kuwa wajukuu zake ni watu wazuri na mmoja ndiye fundi wa pikipiki yangu, alipita akamsikia mama wa Kidigo, Muislamu, mtu wa msikiti wa jirani, akiimba Kikikuyu huku anasugua sufuria. Masikini alipata hofu. Alijua likijulikana bila yeye kulisema, kazi hana. Akalipeleka mbele.

Tukaambiwa atakuja mkalimani kuusikiliza huo wimbo. Akisema ni wa kiapo, Wambui atapanda lori siku hiyo hiyo. Usiku ule Wambui alifunga nguo za Karanja katika leso aliyopewa na Mwanamisi, akaja nayo kazini, akaiweka mlangoni. Mwanamisi akaichukua, akaifungua, akazitundika zile nguo kwenye kamba kana kwamba zinahitaji kuanikwa. Wambui akazianua, akazifunga tena.

Lori lilikuja mchana jua likiwaka. Akashuka mtu mrefu, mkavu, mtu wa huko huko kwao Wambui, amevaa koti la serikali katika joto lile. Hatukujua kama ni mbaya au mwema. Alikuwa na macho ya mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza watu wake wakiulizwa maswali, siku baada ya siku, na kuyageuza majibu yao. Koplo wa polisi aliyekuja naye akamwacha kwetu na nyapara, akaenda na lori kiwandani, akasema atarudi kumchukua yeye, na Wambui ikibidi.

Nyapara akawaita akina mama watoke kwenye kupalilia waje kama mashahidi. Wakakaa mkekani, matope miguuni, kila mmoja akamchukua mtoto wake. Mkalimani akavuta kigoda, akasema kwa Kiswahili safi, "Nataka kuusikia huo wimbo."

Bi Mwanasha akamwambia, "Utausikia, baba. Lakini hii ndiyo saa yao ya kulala, na hapa watoto hulazwa kwa zamu. Wa kwanza si huo."

Nyapara akataka kusema kitu. Mkalimani akainua kidole, akasema haya.

Sijui Bi Mwanasha alikuwa amekusudia nini. Niliwahi kumuuliza akiwa mzee, akaniambia alikuwa hana hila yoyote, alikuwa na watoto wenye usingizi. Tukaanza. Wa Kiduruma ukaenda na ng'ombe wake. Mama wa Kijaluo akayumba na wake, kisha mimi nikaimba ule wa pombe kwa kuwa mtoto aliudai, na mkalimani nikaona pembe ya mdomo imetikisika. Wa Kikamba. Wa Kimakonde, mama akizunguka polepole katikati ya banda. Jua lilikuwa limekaa juu ya makuti, nzi wamechoka, kila kitu kinanuka maziwa na miwa. Nyapara alikuwa wa kwanza. Kidevu kilishuka kifuani, akakoroma.

Mkalimani hakulala. Alikaa wima, anasikiliza kila mmoja mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akamgeukia Wambui. "Sasa wako."

Wambui alimkumbatia Karanja, akatikisa kichwa. Akiimba mbele ya mtu wa serikali amejihukumu mwenyewe. Asipoimba, ni kama ameficha kitu. Karanja akaanza kulia, na katika banda lile lililotulia kilio kilikuwa kikubwa kama king'ora. Hakuna aliyesogea.

Basi nikauanza mimi. Nilikuwa mlangoni na mguu wangu mbovu, nikauanza pale unapopanda. Mwanamisi akaudaka. Aliudaka kwa matamshi ya Kidigo yaliyokuwa yakimchekesha Wambui. Mama Mutua akaingia. Wote wakaingia, kila mmoja na ulimi wake, maneno tumeyavunja vunja, hatujui tunachokisema. Tuliufikisha mwisho, tukarudi mwanzo. Wambui alikuwa akilia bila sauti, na midomo yake inakwenda na yetu.

Mkalimani akafumba macho. Nilidhani anatafuta kosa. Kisha kichwa kikaegemea nguzo, mdomo ukafunguka kidogo, mkono ukateleza kutoka gotini. Alikuwa amelala.

Hapa niwaambie jambo la kazi. Mtu akilala kwa wimbo, usiukate. Ukiukata anashtuka, anaamka na hofu asiyoijua. Punguza maneno kwanza, ubaki mvumo, kisha mvumo nao uupunguze mpaka uwe pumzi yako tu. Tukafanya hivyo, sote pamoja, bila mtu kuambiana. Bi Mwanasha akainuka, akachukua leso, akamtandikia mabegani na kumfunika uso nusu kwa ajili ya nzi, kama alivyomfanyia kila mtu aliyelala katika nyumba ile. Tukakaa. Watoto wote walikuwa wamelala, na nyapara, na mtu wa serikali.

King'ora cha kiwanda ndicho kilichomwamsha. Akafumbua macho, akajifuta mdomo, akaona leso mabegani. Hakuitoa. Akamsemesha Wambui kwa Kikikuyu, maneno machache, chini chini. Wambui akamjibu na kuninyooshea mimi kidole. Yule bwana akanitazama kwa muda, na mguu wangu, na ndoo yangu. Baadaye Wambui aliniambia alichoulizwa. Aliulizwa: ukiwa kwenye jembe, nani anamwimbia mwanao? Naye akajibu: yule.

Nyapara naye akazinduka, akatengeneza shati, akauliza kwa sauti ya kazi, "Bwana, ni wimbo wa nini?"

"Wa viazi."

"Viazi gani?"

"Vitamu."

"Na kiapo?"

"Nimekwambia viazi."

Akaikunja ile leso, pindo kwa pindo, vizuri, kama wanavyokunja wanawake, akampa Bi Mwanasha kwa mikono miwili, akasema ahsante mama. Akatoka. Tulidhani anakwenda haja. Lori likaja, koplo akapiga honi, akapiga tena, mpaka watoto wakaanza kuamka na Bi Mwanasha akatoka kumgombeza. Koplo akauliza mkalimani kasemaje, nyapara akasema viazi. Koplo akauliza yuko wapi, nyapara akaonyesha nje. Wakamngoja mpaka jua likapoa. Lori lilipoondoka halikuwa na Wambui. Bila mkalimani koplo hakuwa na neno la kupeleka, na hakuletwa mwingine. Wambui alikaa nasi, Karanja akajifunza kutembea kwa kushika mguu wangu mbovu, mpaka baba yake alipofunguliwa na kuja kuwachukua, mtu amekonda, anamwamkia kila mtu.

Nami peke yangu ndimi niliyemwona yule bwana akienda. Nilikuwa nimetoka kuchota maji. Alivua koti akaliacha kwenye ukingo wa kisima, akashika reli ya matoroli kuelekea kusini, anakanyaga mbao moja moja, mikono ameifunga nyuma, chini ya kiuno, kama mtu anayemshikilia mtoto mgongoni. Nilitaka kumwita nimwambie lori liko upande wa pili. Sikumwita. Miwa ikamfunika, na hakurudi.